Vitafunio vya Ajenda ya Pili

Siku ya kikao, saa moja na robo asubuhi, Bi Sinia anakuwa ameshachemsha mayai kumi na mawili, ameshayatia kwenye maji baridi, na anayamenya kwa kuanzia upande mnene. Ukianzia upande mwembamba ganda linang'ang'ania, na yai linatoka limechubuka kama goti la mtoto. Anayakata katikati kwa uzi, si kwa kisu. Kiini anakitoa kwa kijiko, anakiponda kwa uma pamoja na chumvi, haradali kidogo na tone la ndimu, halafu anakipiga mpaka mkono uume. Kikishakuwa chepesi anakirudisha mahali pake na kukinyunyizia pilipili manga. Hiyo ni sahani ya kwanza.

Sahani ya pili ni mkate. Anaukata kingo, anasukuma kila kipande kwa chupa tupu mpaka kiwe bapa, anakipaka jibini laini, anakiviringisha na kukichoma kijiti cha meno kisifumuke. Sahani ya tatu ni matango na karanga, na hiyo ni ya kujaza nafasi tu. Hakuna ufundi wowote hapo, mwenyewe husema. Mtu yeyote mwenye uma na chupa tupu anaweza.

Kitu kimoja tu hafanyi: haonji. Mama yake alimfundisha hivyo tangu akiwa msichana, kwamba anayeonja anaonja mpaka wageni wanaletewa sahani yenye mapengo. Bi Sinia hunusa, akaongeza chumvi au akaacha. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kutia mdomoni hata chembe ya vitafunio vyake mwenyewe. Na kama angetaka, kanuni za ofisi zingemzuia, maana chakula cha kikao ni cha wajumbe na waalikwa.

Ofisi yenyewe inakagua mizani. Wachinjaji na wenye maduka huleta mizani yao, inapimwa kwa mawe ya shaba, ikiwa sahihi inapigwa muhuri. Jiko la Bi Sinia lilikuwa stoo ya mizani mbovu, na nyingine bado zimo humo kwenye rafu, mishale yake ikionyesha kilo tatu huku hazijabeba kitu. Jina la Bi Sinia alipewa na wafanyakazi, kwa kuwa kila wakimwona yuko nyuma ya sinia. Jina lake halisi limo kwenye daftari la vibarua, na daftari hilo halifunguliwi.

Ndiyo, kibarua. Miaka kumi na moja, kibarua. Na kibarua hana likizo. Akikosa siku moja, kesho yake anakuta kibarua mwenziwe ameshavaa aproni yake. Kwa hiyo Bi Sinia humtembelea mama yake Jumapili moja kila mwezi. Hupanda basi saa kumi na mbili asubuhi, hufika saa tano, na saa tisa alasiri hupanda basi la kurudi, ambalo ndilo la mwisho. Mama yake humpokea mlangoni na swali lile lile.

"Umekuja kukaa?"

"Nimekuja kukuona, mama."

"Haya. Karibu hivyo hivyo."

Mwaka huu mama ameanza kuchanganya mambo. Kopo la sukari anaweka kabatini pamoja na nguo. Bi Sinia mwenyewe anaitwa kwa jina la dada yake marehemu, na siku nyingine anaitwa mpangaji. Mwajiriwa wa kudumu anapewa siku ishirini na moja za likizo, na Bi Sinia ameshazipanga zote kichwani. Siku ya kwanza atalala. Ya pili atafua mablanketi ya mama. Ya tatu na kuendelea watakaa tu, yeye na mama yake, mpaka mama azoee tena uso wake na kuujua ni wa nani. Hakuwa akitaka kitu kingine duniani.

Barua ya kumthibitisha ilikuwa ajenda ya tisa. Ilikuwa ajenda ya tisa kwa miaka minne mfululizo, tangu wajumbe walipoanza kupaa.

Wa kwanza kupaa alikuwa Mkuu wa Utumishi, kwa sababu alikuwa amekula nusu nne za mayai wakati wenzake wapo kwenye ya pili. Alikuwa katikati ya hoja kuhusu funguo za choo. Akabanduka kitini, akapanda polepole mpaka kichwa kikagusa dari, akajiweka sawa, akaendelea na funguo za choo. Mwenyekiti akamfuata, na wajumbe wengine watano nyuma yake. Katibu, ambaye ana vidonda vya tumbo na hali mayai, alibaki kitini akaandika kwenye muhtasari: "Saa nne na dakika kumi wajumbe walihamia darini. Kikao kiliendelea."

Kwa kuwa ile ni ofisi ya mizani, jambo hilo lilifanyiwa kazi siku hiyo hiyo. Fundi wa vipimo aliletwa na mizani ya kuning'iniza, akamfunga Mwenyekiti kwenye ndoano, mshale ukasoma sifuri. Akajaribu mizani ya pili, sifuri. Mizani zote mbili zikathibitishwa kuwa sahihi, zikapigwa muhuri, na suala likafungwa. Baada ya saa moja na nusu wajumbe waliteremka wenyewe, kila mtu kwenye kiti chake au karibu yake. Tangu siku hiyo kazi ya Bi Sinia iliongezeka. Baada ya kupeleka sahani alitakiwa asimame chini na sinia tupu, adake viatu, kalamu na miwani.

Tatizo lilikuwa saini. Kanuni inasema saini za kikao zitiwe kwenye meza ya kikao, na meza ilikuwa chini, nao walikuwa juu. Mambo ya waajiriwa wa kudumu hayakuathirika hata kidogo, maana hayo Mwenyekiti huyatia saini peke yake ofisini kwake siku yoyote. Vibarua tu ndio wanaohitaji saini saba mezani. Kwa hiyo kila kikao, ikifika ajenda ya tisa, Mwenyekiti aliinamisha uso kutoka darini, akaitazama ile barua chini kwenye kitambaa cha kijani, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Tunakujali sana, Bi Sinia. Unaona mwenyewe hali ilivyo."

"Naona, Mwenyekiti."

"Basi tuahirishe. Na mayai ya leo, aisee! Mkono wako Mungu auweke."

Siku moja Katibu alimfuata jikoni, akakaa juu ya mizani mbovu ya gunia.

"Mwenzangu, kwa nini usiwaambie waanze na saini, wale baadaye?"

"Nilimwambia Mkuu wa Utumishi. Kasema vitafunio ni ajenda ya pili, na kubadilisha mpangilio wa ajenda ni suala la mengineyo."

"Na mengineyo yako mwisho."

"Yako mwisho. Wakifika huko wako juu."

"Chelewesha basi."

"Nilichelewesha. Wakanisubiri saa nzima kimya, mikono mezani. Hawaendi ajenda ya tatu bila ya pili kuisha."

Katibu akafikiri, akishika tumbo lake. "Wape biskuti za dukani. Biskuti hazijawahi kumpaisha mtu."

Bi Sinia alisita. Kumpelekea mgeni biskuti za pakiti kwake ilikuwa aibu, hata mgeni mwenyewe akiwa Mkuu wa Utumishi. Lakini usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amempigia mama yake simu, na mama akamuuliza, kwa adabu zote, "Samahani, naongea na nani?" Akapiga moyo konde. Akanunua biskuti pakiti saba. Na kwa furaha ya mapema, kosa ambalo alilijutia baadaye, akampigia tena mama yake akamwambia, "Mama, mwezi ujao nakuja kukaa." Jirani alimsimulia kwamba siku ile ile mama alitoa godoro la wageni na kulianika uani.

Kikao cha biskuti kilikwenda vizuri mno. Wajumbe walitafuna, wakanywa chai, wakabaki kwenye viti, wazito kama siku walizozaliwa na mama zao. Ajenda zikapita moja baada ya nyingine. Ajenda ya tano ilitiwa saini. Ya nane ilitiwa saini. Bi Sinia amesimama mlangoni na sinia lake, hana hata kiatu cha kudaka. Katibu akasoma kwa sauti: "Ajenda ya tisa. Kumthibitisha mtengeneza vitafunio katika ajira ya kudumu."

Mwenyekiti akaivuta barua karibu. Akafungua kalamu. Halafu macho yake yakaangukia sahani.

"Mtengeneza vitafunio," alisema. "Vipi?"

Wajumbe wote wakatazama biskuti. Mmoja akainua moja, akaigeuza, akasoma maandishi ya kiwanda yaliyopigwa mgongoni.

"Hii hakuitengeneza yeye," alisema.

"Miaka minne tunamtetea huyu mama," alisema Mkuu wa Utumishi, na sauti yake ilikuwa na uchungu wa dhati. "Miaka minne. Leo ndiyo siku ya kuamua, anatuletea biskuti."

Wakakubaliana, kwa saini saba zilizotiwa mezani bila shida yoyote, kwamba kiwango cha kazi yake kimeshuka na awekwe chini ya uangalizi kwa miezi mitatu. Bi Sinia alikwenda jikoni, akajifungia, akalia mpaka akamaliza. Kisha akaosha sahani.

Miezi mitatu ile alirudi kwenye mayai, na wajumbe wakarudi darini, na uhusiano ukawa mzuri kupita zamani. Kila Jumapili yake ya mwezi alikuta godoro limeanikwa uani kwa mama yake, na mto juu yake.

"Umekuja kukaa?"

"Bado, mama. Nimekuja kukuona."

"Basi godoro liendelee kupata jua," mama alisema, wala hakukasirika.

Katibu ndiye aliyeona upenyo. Alikuwa amezisoma kanuni kuanzia jalada mpaka jalada wakati wajumbe wakijadili rangi ya uzio, na akakuta kwamba meza ya kikao si lazima iwe na miguu. Meza ya kikao ni sehemu yoyote iliyo bapa, iliyotandikwa kitambaa cha kijani chenye muhuri wa ofisi.

"Sinia," alisema Katibu.

"Sinia?"

"Sinia ni bapa. Tunalitandika kitambaa, nakigonga muhuri, unapanda nalo juu. Wanatia saini huko huko."

"Nitapandaje, dada?"

"Utakula. Kama wao."

"Mimi si mjumbe."

"Mwalikwa pia anakula." Katibu akatoa karatasi iliyopigwa chapa, na juu yake palikuwa na jina la Bi Sinia, lile halisi, herufi zote zimetimia. Bi Sinia alilisoma mara mbili. Hakuwa amewahi kuliona likiwa limeandikwa kwa mashine.

Siku ya kikao aliyapiga mayai kuliko siku zote. Wajumbe walikula, wakapanda. Bi Sinia alisimama katikati ya chumba, mkono mmoja ameshika sinia lenye kitambaa cha kijani na barua, na kwa mkono wa pili akachukua nusu yai, akalitia mdomoni. Miaka kumi na moja. Lilikuwa zuri. Chumvi ilitosha, ndimu ilijificha nyuma ya haradali, kiini kiliyeyuka chenyewe. Alishangaa kidogo jinsi lilivyokuwa zuri, na akawaelewa wajumbe kwa mara ya kwanza. Akasubiri.

Miguu haikubanduka. Akala la pili. Akala la tatu na la nne, kisha mkate wa jibini, kisha nusu nyingine tatu za mayai.

"Fikiria kitu chepesi," Mwenyekiti alimshauri kutoka juu.

"Mimi huwa sifikirii kitu chochote," alisema Mkuu wa Utumishi.

Fundi wa vipimo akaitwa. Jana yake, alipopimwa kwa matayarisho kwenye mizani ile ile, Bi Sinia alikuwa na kilo sitini na mbili na robo. Sasa alikuwa na kilo sitini na mbili na robo, pamoja na mayai, pamoja na mkate. Kila kitu kilikuwepo, hakuna kilichopungua. Fundi akaipiga mizani muhuri, akaondoka zake.

Bi Sinia alikuwa ameshakuja na hakutaka kuambulia patupu. Akavua viatu, akapanda kiti, kutoka kwenye kiti akapanda meza, akainyanyua mikono yote miwili na sinia juu ya kichwa chake. Ilibaki shibiri moja. Mwenyekiti naye, tuseme ukweli, alijitahidi. Aliweka nyayo darini, akajisukuma kuja chini, kalamu mkononi, jasho linamtoka. Akashuka, akashuka, ncha ya kalamu ikawa juu kabisa ya barua. Pembeni ya barua palikuwa na nusu yai moja la mwisho, alilokuwa amelisahau Bi Sinia.

Mwenyekiti akahamisha kalamu mkono wa kushoto, akalichukua yai, akala. Akapanda tena mpaka akagonga dari.

"Samahani," alisema. "Lilikuwa njiani."

Kalamu ilianguka. Bi Sinia akaidaka kwa sinia, kwa mazoea.

Mkuu wa Utumishi akakohoa. Akasema haikuwa raha yake kusema, lakini mwajiriwa wa kudumu anatakiwa awe mtu mwenye afya, na kila mtu humu ndani ameona kwa macho yake kwamba mwalikwa amekula nusu saba za mayai na hayakumwingia. Kuna kasoro mahali. Alete cheti cha daktari.

"Nimepimwa sasa hivi," alisema Bi Sinia, bado amesimama mezani.

"Hiyo ni mizani, mama. Nasema daktari wa ofisi."

"Daktari wa ofisi anapima waajiriwa wa kudumu."

"Na vibarua pia, wakiwa na kibali cha kikao."

"Chenye saini saba," alisema Katibu bila kuinua kichwa, akiandika.

"Mezani," alimalizia Mwenyekiti. "Na ile ya sinia tusiizoee. Leo nimechoka mgongo."

Ikaahirishwa. Bi Sinia alishuka mezani, akafuta alama za nyayo zake kwa kitambaa, akavaa viatu, akasimama mahali pake na sinia kusubiri vitu vya kudaka.

Jumapili iliyofuata alitengeneza vitafunio alfajiri, nusu nane tu za mayai na vipande sita vya mkate, akavipanga kwenye sinia, akavifunika na kusafiri navyo mapajani. Alikuwa amechoka kumpelekea mama yake maneno matupu. Mama alimpokea mlangoni, akamtazama, akamwita mpangaji, akamkumbusha kuhusu bomba linalovuja. Godoro lilikuwa uani. Bi Sinia alitengeneza bomba. Alifua blanketi moja, maana kwa mawili muda usingetosha. Waliketi sebuleni, na ilipofika saa nane akafunua sinia.

Mama alikula nusu tatu, polepole. Kisha akabanduka kwenye kiti cha mkeka, akapanda, gauni likamfuata, akafika kwenye mbao za dari akajilaza hapo chali kama anayepumzika baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mwepesi mwanamke yule, hata sauti ya kugusa dari haikusikika. Akageuza uso akatazama chini, na akamwita mwanawe kwa jina lake. Si la marehemu dada yake. Lake mwenyewe, lile la kwenye karatasi ya Katibu.

"Abee, mama," alisema Bi Sinia.

"Umekonda."

"Sijakonda, mama. Nimepimwa. Niko vile vile."

"Huku juu ninaona vizuri. Nakuona utosini, una mvi." Mama alicheka. "Yai hili ni langu. Nilikufundisha mimi, kukata kwa uzi."

"Wewe, mama."

"Nilikwambia usionje. Ulionja?"

"Juzi. Mara moja."

"Lilikuwaje?"

"Zuri sana, mama."

"Nilijua." Mama akaupapasa ubao wa dari kwa kiganja. "Panda basi, ukae kidogo. Tuzungumze. Kuna mambo nimeyakumbuka."

Bi Sinia alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika ishirini, na kituo cha basi ni mwendo wa robo saa. Alichukua nusu yai, akalila haraka, akasimama akanyoosha miguu, akafumba macho, akafikiria siku ishirini na moja, moja moja, kuanzia ile ya kulala. Sakafu ilibaki chini ya nyayo zake. Akafumbua macho.

"Siwezi, mama. Kesho kuna kikao."

"Hukuja kukaa?"

"Nimekuja kukuona."

"Haya," alisema mama, na safari hii alijua anamwambia nani, na Bi Sinia aliona afadhali angeitwa mpangaji.

Watu hukaa juu saa moja na nusu. Hilo alilijua kuliko mtu yeyote. Akaenda uani, akaliingiza godoro lililokuwa na joto la jua, akalitandika chini ya mahali mama alipo, akaweka mto upande wa kichwa. Akadaka kandambili iliyodondoka, akaipanga pembeni na mwenzake. Akamwomba jirani apite saa kumi na nusu. Nusu za mayai zilizobaki akazifunika na kuziacha mezani, akachukua mkoba na sinia tupu, akafika mlangoni.

"Mwanangu," mama aliita kutoka darini.

"Abee."

"Funga mlango taratibu, upepo usije ukanisogeza nikalikosa godoro."

Bi Sinia akaufunga taratibu.